Unasema Uko Unyamwezini? Unyamwezi Yenyewe Ulifika Lini?

Wadau wangu, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina dukuduku. Ila nivumilieni, na umbea kidogo umo.

Kuna jamaa mmoja, staa mkubwa tu, jina simtaji maana mawakili wa watu siwawezi. Alipokwenda Marekani kwa shoo zake aliposti picha: koti la manyoya, mnyororo shingoni, nyuma maghorofa. Chini akaandika yuko "Unyamwezini". Laiki zikamiminika kama mvua. Sote tunaielewa hiyo. Mtaani Mnyamwezi ni Mmarekani, mtu wa majuu, mtu aliyejipata. Poa, lugha ya mtaa haina hatimiliki. Ila sasa, huyo jamaa mama yake mzazi ni wa Nzega. Nzega jamani! Ni Mnyamwezi wa damu kabisa, na kwenye kila mahojiano akiulizwa kwao wapi anajibu Sinza.

Hilo nililimeza. Sinza nako ni nyumbani kwa watu.

Halafu wiki mbili zilizopita akaja staa mwingine, wa kike huyu, wa Bongo Movie, ana mashabiki hatari. Alialikwa kwenye shughuli hapa Tabora. Asubuhi yake kulikuwa na ukungu, si unajua mwezi wa kumi na mbili mvua ikipiga usiku kucha, asubuhi mji unaamka umefunikwa. Dada wa watu akafungua dirisha la hoteli, akarekodi ukungu sekunde kumi na tano, akaandika: Tabora kuna nini cha kuona, maembe na ukungu tu. Na vikatuni vya kucheka vitatu. Kabla ya mchana alishapanda gari la vioo vyeusi, huyoo.

Na yeye sina ugomvi naye sana. Kilichoniuma ni komenti. Walioongoza kumshangilia ni watoto wa hapahapa. Mmoja kaandika "dada umeona, ndo maana tulikimbia". Mwingine eti huku hata ndege wakipita wanafumba macho. Na kuna mmoja nimesoma naye kabisa, tumechota maji pamoja, sasa hivi yuko Dar, yeye kaandika hivi: "Mi demu wangu anajua kwetu Mwanza."

Nikaisoma hiyo mara tatu. Yaani mtu anaona bora adanganye mkoa kuliko kusema Tabora. Siyo utani tena huo. Huyo kesho kutwa atazaa, na mtoto wake atamwambia bibi yako ni wa Mwanza?

Basi Jumamosi iliyofuata ukungu ulipotanda tena, nikachukua elfu kumi na tano, simu na mwavuli, nikaamua kuuzunguka mji siku nzima kwa daladala, bodaboda na miguu. Gari la vioo vyeusi sina. Na mi ni wa form four tu, msinitafutie digrii. Haya ninayoandika mengine tulifundishwa darasani tukiwa tunasinzia, mengine nimejisomea.

Naanzia kwetu Kipalapala, maana ndiko ninakolala. Ukisema Kipalapala watu wanajua mapadri, na ni kweli, hii Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo imetoa mapadri wa kila kona ya nchi. Kardinali Pengo alisoma hapa. Wale Mapadri Weupe waliingia eneo hili tangu miaka ya 1880, kabla hata Mjerumani hajajenga boma. Lakini kinachonifurahisha mimi, kama mtu wa kuandika andika, ni uchapaji. Nenda kwenye kabati la bibi yako, toa kitabu chochote cha zamani cha sala au cha hadithi, fungua kurasa za mwanzo. Kuna uwezekano mkubwa ukakuta TMP, Tabora. Miaka hiyo wengine hata redio hawana, Kiswahili cha kusoma kinachapwa hapa porini kwenye miombo na kusambazwa Tanganyika nzima. Sisi tunaoitwa washamba.

Asubuhi hiyo hata mnara wa kanisa hauonekani. Ukungu ulishuka mpaka chini, miembe inatokea mmoja mmoja kama watu wanaokuja kukusalimia. Daladala tuliisikia honi kabla ya kuiona. Ndani, nimebanana na bibi mmoja na ndoo yake ya maembe, nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Mwangaluka." Nikamwitikia mwangaluka, akacheka akasema vizuri, watoto wa siku hizi wakisalimiwa hivyo wanajifanya hawajasikia. Halafu akauliza ninaenda wapi na baridi yote hii. Nikamwambia natembea tu, naangalia mji.

"Unaangalia mji? Kwani wewe mgeni?"

Konda akadakia, "Bibi, huyo ni wa YouTube." Gari zima likacheka. Sikujibu.

Mjini nilishukia karibu na stesheni. Nisiwachoshe na stesheni, mnaijua: reli ya Mjerumani ilifika hapa 1912, na mpaka leo hapa ndipo treni ya Kigoma na ya Mwanza zinapoachana. Miaka yote hiyo mtu wa Kigoma au Mwanza akienda Dar kwa reli lazima apite kwetu. Boma la Wajerumani nalo lipo, ila hilo liko mikononi mwa jeshi, simu mfukoni, pita salama. Wabelgiji walikuja kuuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, wakitokea Kongo. Sogea mbele.

Boda niliyemkuta kijiweni nilimwambia, "Kaka, nipeleke Kwihara, kwa Livingstone." Akanitazama juu mpaka chini. "Dada, huko si wanaendaga wazungu?" Nikamwuliza yeye amewahi kuingia. Akasema wateja amepeleka wengi sana, ila huwa anawasubiri nje chini ya mwembe. Miaka minne anasubiri nje! Tukakubaliana bei, akawasha taa, saa mbili na nusu asubuhi taa inawaka kama usiku, tukaanza kuukata ukungu taratibu. Matope, madimbwi, baiskeli za mkaa zinachomoza ghafla puani.

Sasa hapa ndo naomba mtulie.

Kwihara ni kilomita chache tu nje ya mji. Kuna nyumba ya udongo mwekundu, paa bapa, ukuta mnene, uwanja katikati. Tembe hilo. Mlango wake ni wa nakshi kama ile ya pwani. Nyumba ya sasa imejengwa upya, msije mkasema nimewadanganya kwamba kila tope ni la 1872, lakini mahali ndipo hapo. Stanley alikaa Kwihara 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone. Alipompata Ujiji, wote wawili wakaja hapa Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki peke yake mpaka mwishoni mwa Agosti akisubiri wapagazi na vifaa. Miezi mitano na zaidi mzee anakaa Tabora. Na hakuandika "kuna nini cha kuona".

Kabla yao Burton na Speke walifika 1857, wakati huo sehemu hii wageni wakiita Kazeh. Speke alitokea hapa 1858 akapanda kaskazini akaliona lile ziwa akalibatiza Victoria, ingawa waliokuwa wanavua samaki humo walikuwa na majina yao tayari. Kila aliyekuwa anataka kwenda ndani ya bara kwa njia ya kati alipita hapa, alipumzika hapa, alinunua chakula hapa. Kwa lugha ya leo, Tabora ilikuwa ndo uwanja wa ndege wa kubadilishia ndege.

Mzee anayepokea wageni alinifungulia, nikalipa kiingilio, kidogo kuliko bando langu. Nikamvuta na boda. "Kaka, leo huingii kukaa mwembeni, nakulipia." Akaona aibu kidogo, akavua kofia, akaingia. Kitabu cha wageni nilikipitia: majina ya mbali, ya mbali, ya mbali, wanafunzi wa shule fulani, halafu tena ya mbali. Nikaandika langu na mahali ninapotoka: Kipalapala. Boda naye akaandika lake, taratibu, kwa herufi kubwa.

Lakini sikilizeni. Mi sikwenda Kwihara kumsujudia Livingstone. Jina liko mlangoni lake, sawa, ila mizigo aliibeba nani? Wapagazi. Na wapagazi walioijaza njia hii, waliosifika kuliko wote, ni Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, kwa kilo za leo 32 hivi, hapo hujaweka mkeka wake na chungu chake. Kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800. Kwa miguu. Miezi miwili, mitatu, kupita Ugogo kwenye ukame, kulipa hongo kwa kila mtemi (ndiyo, hongo, enzi hizo ilikuwa ushuru halali kabisa wa kupita, siku hizi mnajua wenyewe). Wasafiri walioandika wakati ule wanasema kijana wa Kinyamwezi alikuwa hahesabiki mwanaume kamili mpaka aende pwani na arudi.

Na alikuwa anarudi na nini? Shanga, waya, bunduki, na kitambaa. Kitambaa kilichotamba kuliko vyote kiliitwa merikani. Mnajua kwa nini merikani? Kwa sababu kilitoka Marekani! Pamba iliyofumwa kule, meli za mji wa Salem zinaileta Zanzibar, inavuka Bagamoyo, halafu inapanda mabegani mwa Mnyamwezi mpaka hapa. Kijana anaingia kijijini kwao na vumbi la miezi mitatu, amejitanda merikani mpya, ana maneno mapya ya Kiswahili mdomoni, ana stori za bahari ambayo wenzake hawajaiona. Wasichana wanatoka nje kuangalia.

Sasa niambieni, huyo siye mtu wa majuu wa kwanza? Neno Mnyamwezi limekaa pazuri kuliko wanaolitumia wanavyodhani. Staa wetu mwenye koti la manyoya anafanya kilekile alichofanya babu wa babu yake: ameenda mbali, amevaa kitu cha Marekani, anataka nyumbani waone. Tofauti ni moja. Babu alikuwa akirudi anasema ametoka wapi.

Msidhani naipaka asali historia. Asali ya Tabora ipo nyingi, lakini siyo ya kupaka hapa. Njia hii ilibeba pembe na ilibeba watu. Ndani ya matembe kama yale walikaa wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliouza binadamu, na wapo watemi wa kwetu walioshiriki, tusijifanye. Tippu Tip, ambaye watu wanamjua kwa Zanzibar na Kongo, baba yake alikuwa na makazi yake hapahapa Unyanyembe. Mitaa ya Tabora imejaa familia ambazo babu zao walitoka Manyema huko Kongo, wengine walikuja wenyewe, wengine hawakuulizwa. Ndo maana mji wetu tunauita Mboka Manyema. Mtu anayesema hapa hakuna cha kuona anatembea juu ya mambo mazito sana bila kujua, na sisi tunacheka naye.

Na nikiwa pale mlangoni nikakumbuka kitu. Kuna dada mmoja wa mitindo, ana wafuasi wa kutosha, mwaka jana aliposti picha kali sana amesimama kwenye mlango wa nakshi, gauni refu la njano. Kapsheni: raha za Zanzibar. Nilivyoiona picha ile nilihisi mlango nimeuona mahali. Jumamosi nikafungua simu nikaweka picha pembeni ya mlango, ua kwa ua, msumari kwa msumari. Dada, ule mlango ni wa Kwihara! Ulikuja Tabora, ukapiga picha Tabora, ukaisajili Zanzibar! Boda alicheka mpaka akakaa chini. Sitakutaja, ila futa, au badilisha lokesheni. Nakupa wiki.

Mzee wa pale alitueleza habari nyingine ambayo naijua ila kila nikiisikia nywele zinasimama. Livingstone alipofariki Mei 1873 huko ambako leo ni Zambia, watu wake, akina Susi na Chuma, waliukausha mwili wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe wakakutana na Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike hapahapa, yaishe. Wakakataa. Wakabeba mpaka Bagamoyo. Ukungu unapita mlangoni, mzee anaongea polepole, boda wangu katulia tuli, na yeye ni mtu wa kubeba mizigo kila siku. Nikamwona anahesabu kichwani. "Toka huko mpaka Bagamoyo? Kwa bega?" Kwa bega, kaka.

Kwa wale mnaopenda bifu, hili hapa, bifu la karne. Mirambo na Waarabu wa Tabora, 1871. Mirambo lilikuwa jina la kazi, jina la kuzaliwa ni Mtyela Kasanda. Akafunga njia ya Ujiji, anataka ushuru wake. Waarabu wakamvamia, na Stanley akajitia kimbelembele akaenda nao vitani. Wakapigwa. Agosti hiyohiyo ruga-ruga wa Mirambo wakaingia Tabora wakachoma sehemu ya mji. Stanley akaondoka kwa kuzunguka kusini, njia ndefu, baadaye akaandika kumfananisha Mirambo na Napoleon. Mtu wa Urambo hapo, mtu wetu. Na Isike, mtemi wa Unyanyembe, Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome yake aliona bora alipue baruti yake mwenyewe kuliko kushikwa. Mnatafuta hadithi za filamu mpaka mnanakili za Wanaijeria na Wakorea, tajiri mmoja anaachana na maskini kwenye sebule ileile kila wiki. Isike yupo hapa miaka yote hii anasubiri mwongozaji.

Halafu hilo neno Ikulu mnalolitaja kila siku? Kinyamwezi na Kisukuma hicho, makao ya mtemi. Tunawaazima maneno na mnatucheka.

Tulirudi mjini kama saa tano, ukungu umeanza kupasuka, jua la kuibia. Nikala ugali na mlenda, nikanunua michembe na karanga kwa ajili ya safari ya miguu, nikapita nje ya Tabora Boys. Nyerere alisoma pale kabla ya Makerere, aliporudi akafundisha St. Mary's hapahapa mjini, hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa sana kwenye blogu kama hizi ni la Rashidi Kawawa. Naye alisoma Tabora. Na kabla ya kuwa Waziri Mkuu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa staa wa filamu! Aliigiza kama mhusika mkuu kwenye Muhogo Mchungu. Yaani miongoni mwa mastaa wa kwanza kabisa wa filamu nchi hii kuna aliyepita kwenye vumbi hili, halafu mjukuu wake wa kisanii anafungua dirisha anasema hakuna kitu. Januari 1958 TANU walikutana hapa wakafanya ule Uamuzi wa Busara wa kukubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, na uhuru ukaanza kunukia. Hapa, kwenye maembe.

Muziki je? Hapa nawaachia wazazi wenu wawajibu. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Enzi hizo mwanamuziki wa Kigoma anahamia Tabora kutafuta jina, kama nyie mnavyohamia Dar. Nilimwuliza mzee mmoja fundi viatu pale sokoni kama anaikumbuka Tabora Jazz. "Baba, ulikuwa unaenda?" Akaweka sindano chini. "Binti yangu, mimi mke wangu nilimpatia ukumbini." Akaendelea kushona, anatabasamu peke yake.

Najua kuna watakaosema, serikali ndo haijatangaza, barabara, vibao, hoteli. Kweli, vibao vinahitajika, na njia hii ya misafara, Kwihara ikiwemo, iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, orodha ya kusubiri hiyo, bado tunasubiri. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia 2000. Lakini Mzanzibari hakusubiri UNESCO ndo asimulie kwao. Ukikaa naye dakika tano tu ameshakwambia mlango wa nani na baraza ya nani. Sisi mtu akiulizwa kwao anasema Mwanza! Hakuna bajeti ya wizara itakayotibu hiyo. Na hilo la ukungu nalo, watu wanalipa hela kwenda kupiga picha za ukungu Lushoto na Ulaya. Ukungu wetu tu ndo ushamba?

Kwa dada wa Bongo Movie, maana najua wapambe wako wanasoma hapa: sikutukani, kazi zako naangalia. Nakupa hesabu ya siku yangu. Daladala kwenda na kurudi, boda Kwihara na kusubiri, viingilio viwili, ugali, michembe na karanga. Chenji nilibaki nayo ya soda. Kwa hela uliyolipia kope zile za kubandika ungeuzunguka Tabora wiki nzima. Ukija tena shusha kioo. Boda nitakutafutia, sasa hivi anaijua stori yote, jana alinitumia ujumbe kwamba amempeleka mteja na ameingia naye ndani akawa anamwelezea yeye.

Na wewe uliyesoma na mimi, wa Mwanza wa kuungaunga, jina lako bado sijaliandika, lakini namba ya huyo demu wako ninayo.

Wengine wote, kazi ni hii. Kama nyumbani kuna picha ya babu au bibi kwenye dansi la Tabora Jazz, Kiko Kids au Nyanyembe, au picha yoyote ya Tabora ya zamani, nitumieni kwa WhatsApp, nitazipandisha zote hapa na jina la mwenye picha na mtaa wake. Ya kwanza tayari ninayo, ya fundi viatu, suruali bwanga, viatu vya kisigino kirefu, mkono kiunoni. Mnyamwezi hasa.